Kifumbu Kilichozuia Tui



Nimekaa kimya kwa muda kidogo, na wapo walioniuliza kulikoni. Leo nataka kuwasimulia kisa cha ubeti mmoja ulioondoka kwangu Kilwa Kivinje usifike ulikotumwa, na jinsi ubeti huo ulivyokaribia kuvunja udugu wa miaka mingi. Nimelitia jambo hili katika uwanja huu wa lugha kwa sababu, kila nilipolitazama, niliona kwamba kiini chake ni lugha, ingawa mwanzoni lilivaa sura ya simu.

Mimi nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Mtwara hadi nilipofikia umri wa kustaafu. Malenga mwenzangu, ambaye ndiye mhusika wa pili wa kisa hiki, hakukanyaga sekondari. Alisoma madrasa na madarasa machache ya shule ya msingi, kisha bahari ikamchukua. Alivua, akauza ng'onda, akashona nyavu, na katika hayo yote akatunga. Nimewahi kukaa na watu wenye shahada za fasihi, lakini sijamwona anayesikia mizani kama yeye. Ukimsomea mshororo wenye mizani kumi na tano atakunja uso kabla hujafika kwenye kina cha mwisho.

Sasa masikio yake yamechoka. Kumpigia simu ni kupiga kelele mpaka jirani zako wote wajue habari zako. Kwa hiyo, miaka minne iliyopita, tulikubaliana kulumbana kwa ujumbe mfupi wa maandishi. Yeye ana kitochi, mimi nina simu ya kupangusa niliyonunuliwa na wanangu. Sharti letu lilikuwa moja: ubeti hujibiwa kwa ubeti, tena kwa vina vilevile, wala hatuandikiani porojo nyingine. Kila jibu nililonakili kwenye daftari, lake na langu, kwa mazoea tu ya mwalimu asiyeamini kitu kisicho na wino.

Wasomaji wapenda mizani watafurahi kujua kwamba ujumbe mfupi na ubeti wa tarbia ni kama kofia na kichwa. Ujumbe mmoja wa simu huchukua herufi 160, nafasi na alama zikiwemo. Kipimo hicho kilipendekezwa mwaka 1985 na mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, aliyekaa akapiga chapa sentensi za kawaida na kuhesabu herufi zake, akaona kwamba 160 zinatosha kwa mtu kusema la maana. Mishororo minne yenye mizani kumi na sita kila mmoja huelea hapohapo: mara inaingia yote, mara inazidi kidogo na kuhesabiwa jumbe mbili. Hillebrand hakuwa akitufikiria sisi wa Kivinje, lakini alitukatia nguo iliyotukaa.

Kuna ila moja tu, nayo niliijua baadaye kwa mjukuu wangu. Ile alama ya ritifaa katika ng'ombe na ng'oa ina sura mbili katika simu. Iliyonyooka haina neno. Iliyopinda kama mkia wa kamba, ambayo simu nyingine huiweka zenyewe bila kukuuliza, haimo katika orodha ya herufi za asili za ujumbe mfupi. Ikiingia hiyo moja, ujumbe wote hubadilishiwa hesabu: badala ya 160 unapewa herufi 70 tu. Basi tangu siku hiyo nikimwona mshairi anatumia ng' kwa wingi kwenye simu yake, najua analipia.

Turudi kwenye kisa. Mwezi wa Machi 2024 binti yake alimchukua akakae naye Mbagala, Dar es Salaam, kwa kuwa hakupenda aendelee kuishi peke yake. Mwanzoni mwa Mei, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kimbunga, kikaitwa Hidaya. Tarehe 4 Mei kikafika upande wa Mafia, na upepo na mvua yake tukauonja sisi wa Kilwa. Maji yalikata barabara iendayo Dar es Salaam huku upande wa Somanga, magari yakalala njiani, na kwa siku kadhaa tukawa kama watu wa kisiwani. Shambani kwangu minazi kumi na moja ililala chini.

Tarehe 8 Mei ubeti wake ukaingia. Aliniuliza hali, akaniuliza minazi, na katika mshororo wa mwisho akanitania kwamba bila shaka nitamwomba pesa za kujengea upya. Nilicheka peke yangu. Usiku ule ule nikaanza kumjibu, na asubuhi ya tarehe 9 nikatuma beti tatu. Wa kwanza ndio huu:

Pesa sinazo mwenzangu, natuma hizi salamu,
Namba ni ile ya kwangu, isome uifahamu,
Minazi ya shamba langu, kimbunga kimehukumu,
Kimeng'oa vyote vyangu, hakikung'oa kalamu.

Mtanzania yeyote atauona utani wangu. Nani kati yetu hajapokea ujumbe wa matapeli usemao ile pesa itume kwenye namba hii? Niliukejeli ujumbe huo kwa kuugeuza: sina pesa, natuma salamu, na namba ni ileile unayoijua. Nilijua atacheka. Simu ikaniandikia kwamba ujumbe umetumwa. Nikaweka simu chini, nikangoja.

Siku tatu zikapita. Tarehe 12 Mei mikongo ya intaneti iliyopita chini ya bahari ikapata hitilafu, na nchi nzima ikaanza kulalamika kwamba mtandao umelala. Nikasema, pengine ndiyo sababu. Lakini ujumbe mfupi hauhitaji intaneti, na majirani zangu walikuwa wakipokea na kutuma kama kawaida. Siku tisa zilipotimia nikavunja sharti letu. Nikamwandikia maneno mawili: "Hujambo kaka?" Baada ya dakika chache akajibu: "Sijambo."

Neno moja. Hakuna mwalimu, hakuna dada, hakuna ubeti. Kwa mtu ambaye hata akiomba chumvi huomba kwa vina, neno lile lilikuwa mlango uliofungwa taratibu ili usipige kelele.

Nilidhani ubeti wangu umemchukiza. Niliusoma na kuusoma tena nikitafuta nilipomkosea. Labda neno pesa lilimgusa pabaya, mtu mzima anayeishi kwa binti yake. Kumbe na yeye kule Mbagala alikuwa akihesabu siku zake. Kwa mila ya malumbano, asiyejibu ama ameshindwa, ama amedharau. Kwamba nimeshindwa hakuamini. Likabaki lile la pili. Na ilipofika "Hujambo kaka?" bila jibu la ubeti wake, alielewa kwamba nimelikwepa shairi lake kwa salamu, kama anavyofanyiwa mtu asiyestahili kujibiwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakutuambia tufanye nini pale kimya chenyewe kinapotengenezwa na mtu wa tatu.

Mwishoni mwa Mei mjukuu wangu, aliyekuwa kidato cha pili, alikuja likizo. Nilimsimulia. Hakuniliwaza, alisema tu, "Bibi, hebu nitumie mimi huo ubeti." Nikamtumia. Simu yangu ikasema umetumwa. Simu yake, iliyokuwa mkekani mbele yetu, haikulia. Nikatuma tena, ikabaki kimya. Nikamtumia neno "karanga", ikalia papo hapo.

Hapo ualimu ukaniamkia. Tulichukua daftari, tukachora majedwali, tukaanza jaribio. Mshororo wa kwanza peke yake: ukafika. Wa pili peke yake: ukafika. Wa kwanza na wa pili kwa pamoja: haukufika. Tukaondoa neno pesa tukaweka hela: haukufika. Tukaondoa natuma tukaweka naleta: ukafika. Tukarudisha natuma, tukaondoa namba, tukaweka nambari na kuliacha neno ni ili mizani ibaki minane: ukafika. Tulirudia mara tatu kila jaribio, maana jaribio moja si ushahidi. Ilipofika saa sita usiku tulikuwa na jibu. Pesa, tuma na namba, zikikaa pamoja katika ujumbe mmoja, ujumbe huo ulikuwa hautoki.

Niliguna. Kwa hiyo palikuwa na kichujio njiani, kilichowekwa kuwazuia matapeli, nacho kimenihesabu mimi kuwa mmoja wao. Na tazameni ajabu yake: ukiandika namba unazuiwa, ukiandika nambari unapita. Kichujio kile kilifundishwa Kiswahili cha matapeli, hakikufundishwa cha kamusi.

Sitaki nisikike kama mtu anayepinga ulinzi. Sisi walimu wastaafu ndio shabaha ya wezi hao. Mtu akishapokea kiinua mgongo chake, simu yake huanza kulia kwa sauti za watu wasiojulikana. Mwenzangu mmoja niliyefundisha naye alipoteza akiba ya miaka kwa simu moja ya asubuhi, na tangu siku hiyo hajawa yule tuliyemjua. Mamlaka ya Mawasiliano imetuwekea 15040 ya kuripoti namba za matapeli, nayo naitumia. Ninakubali kwamba lazima kiwepo cha kuchuja.

Lakini mimi ni mtu wa nazi, na ninajua kuchuja ni kazi ya mkono. Bibi zetu walikuwa na kifumbu cha ukindu. Unatia nazi iliyokunwa, unakamua, tui linapita, machicha yanabaki. Kifumbu kilichofumwa vibaya hufanya moja kati ya mawili: hupitisha machicha, au hulizuia tui. Cha kwangu kilifanya yote mawili. Wiki ile ile ubeti wangu ulipozuiwa, nilipokea ujumbe uliosema, "Mzigo wako umefika, wasiliana na wakala kwa malipo." Tapeli alikuwa amebadilisha maneno. Mimi ndiye sikubadilisha, kwa sababu sikujua kwamba natakiwa kujificha.

Nikasoma zaidi, nikaona kwamba mkasa huu una historia. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujiandikisha katika huduma ya intaneti ya AOL kwa sababu ndani ya jina la mji wao, kuanzia herufi ya pili hadi ya tano, mna neno la matusi kwa Kiingereza. Mji mzima ukageuzwa tusi na mashine isiyojua kusoma neno zima. Mpaka leo wahandisi huliita tatizo la namna hiyo kwa jina la mji huo.

Nilipolisoma hilo nikakitazama Kiswahili chetu nikashika kichwa. Lugha yetu hushonanisha: kiambishi hukaa na kiambishi, na mzizi ukafuata. Mashine inayotafuta herufi bila kujua mshono itaona matusi kila mahali. Chukua neno kumaliza, ukate herufi nne za mwanzo. Sitaziandika hapa, ni uwanja wa heshima huu. Chukua mashitaka, utazame herufi nne za katikati kwa macho ya Mwingereza. Chukua analia, analima, analala, vitenzi vya kila siku vya mama na mtoto na mkulima; herufi zake nne za mwanzo zikisomwa Kiingereza zitafungiwa milango. Na nazi yenyewe, tunda la pwani yetu, kwa mashine iliyolelewa Ulaya ni chama cha Hitler. Wala si viambishi tu. Hata kisa changu hakikuwa cha viambishi, kilikuwa cha maana: maneno matatu safi yaliyokutana, yakahukumiwa kwa kukutana kwao.

Baada ya kujua hayo nilimwandikia malenga mwenzangu kwa nathari, bila neno lolote kati ya yale matatu: kwamba nilimjibu tarehe 9 Mei, lakini mtandao umezizuia beti zangu. Jibu lake lilikuja jioni. "Hujambo imepita, shairi limekwama? Haya, mwalimu."

Ndugu zangu, neno mwalimu linaweza kuwa taji na linaweza kuwa kofi. Miaka yote ile alikuwa akiniita dada. Nilielewa yaliyokuwa nyuma ya neno lile: ninyi wenye chaki mna maneno ya kujitetea daima. Ningeweza kumtumia ubeti wenye nambari, maana nilijua utapita. Sikufanya hivyo. Ubeti uliobadilishwa, uliochelewa wiki tatu, ungekuwa ushahidi kwamba nimeutunga jana ili kujiokoa. Nilichohitaji kilikuwa kidogo: sentensi moja kutoka kwa kampuni ya simu isemayo kwamba ujumbe wa tarehe 9 Mei ulizuiwa na wao. Nikaamua kuitafuta sentensi hiyo.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Wasomaji wanatumia mitandao mbalimbali na sikuja hapa kugombana. Nilipiga simu ya huduma kwa wateja. Muziki ukapigwa, nikabonyeza moja, nikabonyeza nne, muziki ukapigwa tena. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Alinishauri nizime simu niiwashe. Kisha akaangalia salio langu akanihakikishia kwamba lipo. Nilipomweleza kuhusu ubeti akauliza, "Ubeti ni kifurushi gani, mama?" Sikumcheka. Alikuwa na karatasi yake ya maswali, na ubeti haumo.

Mara ya pili niliambiwa ni mikongo ya baharini. Nikamweleza kwamba ubeti ulikwama siku tatu kabla ya mikongo kuharibika. Akasema lalamiko limepokelewa. Siku mbili baadaye nikapata ujumbe: "Mpendwa mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Tatizo lako limeshughulikiwa."

Nilijaribu ubeti. Haukupita.

Lakini ujumbe ule niliutazama kwa muda mrefu, kama nilivyokuwa nikiwatazamisha wanafunzi wangu sentensi ubaoni. Usumbufu uliojitokeza. Kujitokeza ni tendo la mtu kwa hiari yake: mtoto hujitokeza mlangoni, mgombea hujitokeza kuchukua fomu. Hapa usumbufu umevaa kanzu yake, umetoka nyumbani kwake, umekuja kwangu wenyewe, na kampuni imesimama kando ikisikitika pamoja nami. Kisha, tatizo lako. Kimilikishi hiki kimenikabidhi mimi umiliki. Na limeshughulikiwa: kauli ya kutendwa, mtenda hayupo. Katika sentensi mbili aliyetenda amefutwa mara tatu. Nimesahihisha insha kwa miaka zaidi ya thelathini, na sijawahi kumwona mwanafunzi aliyejificha kwa ustadi kiasi hicho.

Nikaenda Lindi mwenyewe. Kutoka Kivinje nilitoka mpaka Nangurukuru, nikapanda basi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa mbele ya kaunta ya duka la huduma. Binti aliyekuwa pale aliniamkia vizuri, akanipa kiti. Alisoma ubeti kutoka kwenye daftari langu, akatabasamu kwenye mshororo wa pili, nikajua ameuelewa. Akaandika kitu katika kompyuta yake, akasoma, akapunguza sauti.

"Mama, hapa mfumo unaonesha ujumbe una maudhui yasiyofaa."

"Lipi kati yake halifai, mwanangu?"

"Haionyeshi lipi. Mfumo ndio umekataa."

"Mfumo ni nani?"

Alinitazama kwa huruma, si kwa dharau. Nami nikamweleza, maana sikuweza kujizuia, kwamba mfumo ni jina litokanalo na kitenzi kufuma. Hakuna kitu kilichofumwa bila mfumaji. Mkeka una mfumaji, wavu una mfumaji, kifumbu kina mfumaji, nawe ukimpelekea kifumbu kibovu atakitazama, atasema hapa nimelegeza, lete nikaze. Nilimwomba anionyeshe mfumaji wa huo wa kwao. Akasema yupo makao makuu, na kwamba hata yeye hamjui. Nikamwomba basi aniandikie tu kwamba ujumbe wangu ulizuiwa. Akasema haruhusiwi kutoa maandishi. Fomu yake ya malalamiko ilikuwa na visanduku vya salio, vifurushi, miamala, usajili wa laini, na mengineyo. Shairi langu likaingia kwenye mengineyo. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Ni zuri lakini, mama."

Njiani kurudi nilimfikiria Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi hiyohiyo, aliyetunga utenzi wa Vita vya Maji Maji, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Washairi wa pwani hii wameishi chini ya dola za kila namna, na wamejifunza kulifumba neno ili lipite mbele ya mkubwa bila kuguswa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Mkaguzi wa zamani, akiwa mjinga au mwerevu, alikuwa mtu; alisoma, akashuku, akauliza. Kichujio hiki hakimo katika methali yetu. Mwenye kutukana kwa fumbo atapita mbele yake akipunga mkono, na mwenye kusema salamu kwa maneno ya wazi atabaki nje. Na mbaya zaidi, mkaguzi wa zamani alikurudishia barua yako na mhuri wa kukataliwa. Hiki kilichukua shairi langu, kikaniandikia "umetumwa".

Hapo ndipo lilipo donda langu, na ndilo ninalotaka wasomaji mlichukue. Kuzuiwa ningevumilia. Laiti ningeambiwa asubuhi ile kwamba ujumbe umekataliwa, ningebadilisha neno, au ningeuandika kwenye karatasi, na kaka yangu angecheka tarehe 9 Mei. Kilichotuumiza ni kule kufichwa kwa kukataliwa. Anayekuzuia barabarani akikwambia rudi, utatafuta njia nyingine. Anayekwambia pita kisha akakutupa kisimani amekutenda jambo jingine kabisa.

Mwezi wa Julai, barabara ilipokuwa inapitika vizuri, nilipanda basi kwenda Mbagala. Ni takribani kilometa 300, na kiuno changu kilizihesabu zote. Nilichukua simu yangu na daftari. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, anafunua na kufunga fundo la wavu ambao hauna bahari karibu. Aliitikia salamu yangu akaninyooshea kigoda. Binti yake akaleta chai. Hatukusema mengi, maana kwake maneno ya mdomo ni kazi.

Nikafungua simu, nikamwekea mbele ya macho. Alivaa miwani. Akausoma ubeti wa kwanza taratibu, midomo ikihesabu. Kisha akasogeza kidole juu, kwenye tarehe na saa. Akakitua pale. Alikaa hivyo kwa muda, wala sikumharakisha.

Nilimwonyesha pia majedwali yetu, mimi na mjukuu, na ule ubeti wenye nambari uliopita. Hapo akakunja uso, uso uleule wa mizani kumi na tano.

"Nambari hapana," akasema. "Tapeli hasemi nambari. Utani wote umekufa. Rudisha namba, dada."

Dada. Nikaelewa kwamba nimesamehewa, au kwamba sote wawili tumesamehewa.

Kisha akanieleza jambo lililonifanya nishindwe kumalizia chai. Ile jioni ya "Haya, mwalimu", kwa hasira, alikuwa amefuta jumbe zetu zote katika kitochi chake. Miaka minne ya beti. Alidhani hazina thamani tena kwa kuwa mwenziwe amezidharau. Alilisema hilo akitazama wavu. Nikamsogezea daftari. Alilifunua ukurasa wa kwanza, akakuta ubeti wake wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wangu, na tarehe pembeni. Akafunua wa pili. Binti yake alikuja kuwasha taa, yeye bado anafunua.

Nimeliacha daftari kwake ili anakili kwa mkono wake. Anasema mwandiko wangu ni wa ubaoni mno.

Nina maombi mawili, ndugu wasomaji. La kwanza ni kwenu: nakilini beti zenu, na za wenzenu pia. Usimwachie mtunza laini kazi ya kukutunzia kumbukumbu. La pili ni kwa wanaofuma vichujio, kama yupo mmoja anayesoma hapa. Tunayo BAKITA tangu mwaka 1967, tuna TATAKI Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kila tarehe 7 Julai dunia inaadhimisha Siku ya Kiswahili. Waiteni watu wa lugha mkae nao mkekani. Tutawaonyesha bila malipo mshono uko wapi. Na pale mnapokataa ujumbe wa mtu, mwambieni mmeukataa, kwa kauli ya kutenda, mkijitaja.

Lalamiko langu la Lindi sijalipatia jibu, na ule ubeti nikiujaribu bado haufiki kwa mjukuu wangu. Mimi na kaka yangu tumerudi kwenye njia ya zamani. Beti tunaziandika kwenye karatasi, tunazitia kwenye bahasha, na tunamkabidhi kondakta wa basi. Huchukua siku moja, pengine mbili, na kondakta hutaka nauli kidogo. Bahasha yake ya kwanza ilinifikia Alhamisi iliyopita. Ina beti tano, na ananidai jibu.